Kidude cha Gemu 400: Kinunuliwe au Kiachwe?

Haya wapenzi wa gemu za kale, mambo vipi? Leo nimewaletea hiki kidude cha mkononi cha kuchezea gemu. Ukipita Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya simu lazima umekiona kimening'inia, kimeandikwa 400 kwa mbele. Ndani ya boksi kuna kidude chenyewe, pedi ya waya ya mchezaji wa pili, kebo ya AV ya kuunganishia TV na waya wa kuchajia. Tufungue mgongoni kidogo... mnaiona betri? BL-5C, ile ile ya Nokia za tochi. Hapo nakipa alama, maana ikichoka, fundi simu yeyote mtaani anayo.

Tuwashe. Orodha hiyo, moja hadi 400. Namba isikutoe udenda. Shuka shuka chini uone: gemu ile ile ya vifaru imerudi na jina jingine, mara inaanzia raundi ya katikati, mara wamebadili rangi tu. Na tuseme ukweli, hizi gemu zimechotwa bila kuombwa. Hapa kwenye ukurasa wa mwanzo, jina la kampuni iliyoitengeneza limefutwa kabisa.

Ila zile nzuri, jamani, ni nzuri. Contra, Mario, Road Fighter, Circus Charlie. Zote zilichezwa kwenye Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 2. Super Mario Bros. ya 1985 yote, kuanzia dunia ya kwanza hadi ya nane, ni kilobaiti 40. Picha unayotumiwa WhatsApp ni nzito kuliko hiyo! Waliwezaje? Angalieni hili wingu hapa juu. Sasa angalieni kichaka hiki chini. Mchoro ni mmoja, huku umepakwa kijani.

Subirini kwanza, hapa ndipo ninapopapenda. Hakuna maandishi ya kukuelekeza popote. Kidudu cha kahawia kinakuja, usiporuka umekufa. Umeruka, kichwa kimegonga tofali, uyoga umetoka. Unaukimbia? Uyoga wenyewe unaenda kulia, unadondoka, unagonga bomba, unarudi kukufuata mwenyewe. Umeugusa, umekua mkubwa. Somo limeisha, na hukusoma hata neno. Gemu za siku hizi zinakushika mkono nusu saa nzima ndipo zikuachie ucheze.

Sasa sauti. Sikilizeni... Waliocheza mashine halisi wamekunja uso. Noti ni zile zile ila sauti imekuwa nyembamba, inakwaruza. Chipu nyingi za kuiga Famicom zina kosa hilo: maumbo mawili ya mawimbi ya sauti yamebadilishana nafasi. Mtoto hatajua. Mimi inaniudhi.

Vitufe ni laini, viwili vya pembeni ni vya kupiga mfululizo, kwa hiyo kwenye Contra kidole kinapumzika. Tatizo ni kile cha mishale: ukitaka kulenga mshazari, askari analala chini badala yake, na risasi haimsubiri. Ndiyo maana ule ujanja bado unahitajika: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, halafu Start. Roho 30. Aliyeubuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, kampuni iliyotengeneza Contra, akiitayarisha gemu yao ya Gradius kwa mashine ya nyumbani mwaka 1986. Ilimshinda kuicheza akiijaribu, akajiwekea njia ya mkato. Mtengenezaji mwenyewe!

Kwenye TV, kama nyumbani bado kuna ile ya chogo, msiitupe. Nikiunganisha kwenye flati, nabonyeza kuruka na Mario anachelewa kidogo, basi shimoni. Kwenye chogo anaruka papo hapo. Na muuzaji akikushawishi uongeze bunduki ya Duck Hunt, ile gemu ya kuwinda bata, kataa kama una flati. Ukivuta kifyatuo, skrini inakuwa nyeusi, kisha panapokaa bata panang'aa mweupe, na bunduki inasoma mwanga huo kwa wakati ule ule. Flati inachelewa, bata anapeta.

Uamuzi wangu? Una TV ya chogo na ndugu wa kushika pedi ya pili, chukua, hasa kwa Contra na vifaru. Ukitaka kucheza peke yako kitandani, skrini hii ndogo itakuchosha macho, na haihifadhi ulipofika: ukizima, unaanza mwanzo. Dukani mwambie muuzaji akiwashe, bonyeza kila kitufe, chomeka pedi ya pili, ndipo utoe hela.

Kinachofuata ni kile cha kaseti za njano. Hicho nina maneno nacho.