Mbeleko ya kitenge kwa mtoto wa kuasili, naipa nyota tano

Jamani hii mbeleko imenisaidia sana. Binti yetu tulimuasili kutoka Ethiopia 2016 akiwa na miaka miwili, kabla nchi hiyo haijapiga marufuku kabisa wageni kuasili 2018, tukaja naye huku Minnesota, Marekani, na miezi ya kwanza hataki kushikwa, ukimkumbatia anakakamaa kama gogo, usiku nakuta vipande vya mkate kaficha chini ya mto. Kaunsela akatuambia sisi wawili tu ndo tumlishe, tumwogeshe na kumbembeleza, ndugu na marafiki wasubiri kwanza, mtoto ajue wazazi wake ni nani. Mimi nikaongezea kumbeba mgongoni kwa hii mbeleko. Nikawa napika naye, nafagia naye, wiki ya kwanza analia tu, ya tatu nikasikia shavu limelala kwenye bega langu, pumzi imetulia, nikaganda pale jikoni ugali ukaungua wala sikujali.

Kitambaa kizito, hakitelezi. Ila duka la onlaini walichelewesha mzigo na ile nyekundu inachuja, iliniharibia shuka, ifueni peke yake. Mtoto akiwa mkubwa kidogo chukueni ile ndefu.