Miwani ya Clark Kent: nilivyowalinganisha mashujaa kwa wiki tatu

Wiki tatu hizi nimekuwa nikitazama filamu za mashujaa kila usiku, na mpangilio nimeufuata wa mhusika badala ya mwaka. Superman wote mfululizo, kisha Batman, kisha Spider-Man. Nilitaka kujua kwa nini mwigizaji mmoja akitokea tu namwamini, na mwingine mwenye kifua kipana zaidi namwona kama mtu aliyeazima nguo. Usiku wa kwanza haujaisha nikawa nimeshapata kipimo: shujaa nimtazame akiwa amevua vazi.

Kipimo hicho alinipa mwigizaji Christopher Reeve. Katika filamu ya Superman ya 1978, Clark Kent, yaani Superman akijificha kama mwandishi wa gazeti, anamfuata mwandishi mwenzake Lois Lane nyumbani kwake. Lois ametoka muda huohuo kuruka angani na Superman, mawazo yake bado yako huko juu. Anaingia chumba cha ndani, Clark anabaki peke yake. Anavua miwani. Mabega yanafunguka, shingo inanyooka, na ile sauti ya kubabaika inashuka hadi kifuani. Nakuapia, mtu anarefuka. Yuko tayari kumwambia Lois ukweli wote. Halafu moyo unasita, mgongo unapinda tena, miwani inarudi usoni, na Clark yule mwoga amerudi. Hakuna kompyuta iliyotumika pale, ni mwili wa mtu na pumzi zake. Nimeirudia mara sita au saba, nikisimamisha kila baada ya sekunde chache ili nione ni wapi hasa mmoja anaishia na mwingine anaanzia. Sijapaona.

Baada ya hapo waliofuata walikuwa na mlima wa kupanda. Brandon Routh, 2006, alimfuata Reeve kwa uaminifu mno. Kila akitabasamu nilikuwa namkumbuka mwenzake. Henry Cavill watu humlaumu kwamba ni mkavu, na mimi nadhani wanamwonea. Filamu ya 2013 inamvalisha miwani mwishoni kabisa, kwa hiyo ile sura ya pili hakupewa nafasi ya kuicheza. Sikiliza ile sauti inayomtoka akishamvunja adui yake Zod shingo. Mtu mkavu halii vile.

David Corenswet wa 2025 ndiye aliyenishangaza. Anamruhusu Lois amhoji kama mwandishi anavyomhoji Superman, wote wawili wakiwa nyumbani kwa Lois. Jamaa anaanza kwa kujiamini, maswali yanazidi kuuma, na taratibu hasira ya mwanamume aliyezoea kupendwa inaanza kuchungulia. Anajitetea, anapandisha sauti. Pale niliwaona Clark na Superman wakigombea mdomo mmoja, na kwa hilo peke yake nampa nafasi ya pili, nyuma ya Reeve.

Kwa Batman kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu Bruce Wayne, yule tajiri ambaye ndiye Batman, naye ni kinyago. Michael Keaton alipotangazwa kwa filamu ya 1989, mashabiki waliandika maelfu ya barua za kumpinga; walimjua kama mtu wa vichekesho. Basi mtazame akiwa mezani na mpiga picha Vicki Vale. Meza ni ndefu kiasi kwamba hawasikilizani vizuri, na Vicki anapomuuliza kama anapenda kulia pale, anaishia kukiri kwamba hadhani amewahi kuingia chumba kile. Ni chumba cha nyumba yake mwenyewe! Anavyolisema, kama anagundua muda uleule, ndiyo upweke wote wa Bruce Wayne. Val Kilmer na George Clooney nimewatazama pia, ila sina la kuongeza.

Christian Bale ana sura tatu: tajiri mponda raha, Batman, na yule mtoto yatima anayeonekana akiwa na mtumishi wake Alfred tu. Ile sauti yake ya kukwaruza inanichosha, siwezi kuficha. Lakini katika filamu ya 2005 kuna pale anapojifanya amelewa kwenye sherehe yake mwenyewe na kuwatukana wageni ili waondoke wakiwa hai. Wanaondoka wakimdharau. Macho yake yanaonyesha anajua jina la baba yake limechafuka, na bado anaendelea. Hapo kaitendea haki nafasi yake. Robert Pattinson, 2022, akivua kinyago anabaki na wanja mweusi kuzunguka macho, na ni sawa kabisa, maana Batman wake hajui kuwa Bruce. Nilimhurumia kuliko nilivyomwogopa.

Joker, adui wa Batman, nitampitia haraka. Heath Ledger na Joaquin Phoenix wote walipata Oscar kwa mhusika huyu, wa kwanza mwaka 2009 akiwa ameshafariki, wa pili 2020, na walikwenda njia tofauti kabisa. Joker wa Ledger hana sura ya pili. Hata makovu yake anayasimulia kila mara kwa hadithi nyingine. Wa Phoenix ni sura ya pili tupu, rangi inakuja baadaye. Nikilazimishwa kuchagua, namchukua Ledger.

Spider-Man, ambaye bila kinyago ni kijana Peter Parker, ndiye aliyenibadilisha. Tobey Maguire wa 2004, kinyago kimetoka, anasimamisha treni kwa mwili wake hadi anazimia, na abiria wanampokea kwa mikono na kuuona uso wa kijana mdogo. Hapo sina ubishi. Tom Holland, 2017, anafukiwa na kifusi na analia kuomba msaada kama mtoto aliyepotea, nami nikalia naye.

Lakini Andrew Garfield, Spider-Man mwingine, nilikuwa nimemwandika vibaya kwenye daftari langu: “Anaringa sana, si Peter.” Nikafika filamu ya 2021, inayowakutanisha Spider-Man wote watatu. MJ, mpenzi wa Peter wa Holland, anaanguka kutoka juu, Garfield anajirusha na kumdaka. Katika filamu ya 2014 alimkosa mpenzi wake Gwen kwa namna hiyohiyo, na Gwen akafa. Anamshusha MJ chini taratibu, anamuuliza kama yuko salama, na midomo inaanza kutetemeka. MJ anaona, anamrudishia swali lilelile. Garfield hawezi kutoa neno, anaitikia kwa kichwa tu, machozi yamejaa.

Nikasimamisha filamu, nikalifungua daftari, nikaikata ile sentensi kwa kalamu.