Vidonge vya vorikonazoli vya miligramu 200: dawa nzuri, usimamizi mgumu

Kwa aliyepandikizwa mapafu nje ya nchi akarudi kuishi Kampala au Mbarara, fangasi wa kuogopwa kwanza ni aspergilasi. Mbegu zake zimo kwenye vumbi, mboji, mahindi na karanga zilizoota ukungu. Mbele yake vorikonazoli ni dawa ya kuaminika, na ya vidonge hufika damuni vizuri.

Mtu mzima wa kilo 40 na zaidi humeza miligramu 400 mara mbili siku ya kwanza, kisha 200 kila baada ya saa 12. Tumbo liwe tupu: saa moja kabla ya chakula au saa moja baadaye. Ukiishushia na roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) yenye mafuta, sehemu ya dawa inapotea bure.

Shida kubwa ni takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae pafu lililopandikizwa. Vorikonazoli hulizuia ini kuivunja, kwa hiyo daktari huikata hadi theluthi moja ya dozi siku ile ile ya kuanza, na damu inapimwa mara kwa mara. Isipokatwa, figo ndizo zinazoumia. Kinachosahaulika zaidi ni siku ya kuacha vorikonazoli: takrolimasi hushuka damuni, na mwili unaweza kuanza kulikataa pafu.

Vorikonazoli yenyewe nayo ipimwe, siku ya 5 hadi ya 7, kabla ya kumeza dozi ya asubuhi. Kinachotafutwa ni miligramu 1 hadi 5.5 kwa lita. Chini ya hapo fangasi anapeta. Juu yake mgonjwa huona yasiyokuwepo na ini hulemewa. Watu wawili wa dozi moja na uzito mmoja hupishana sana, kwa hiyo kabla ya kununua uliza maabara sampuli inapelekwa wapi na majibu yanachukua siku ngapi.

Mwenye kifua kikuu anayetumia rifampisini asipewe vorikonazoli kabisa. Rifampisini huifuta damuni.

Halafu jua letu la ikweta. Ngozi ya anayemeza vorikonazoli huungua upesi, na matumizi ya muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Mikono mirefu, kofia pana, mafuta ya kukinga jua. Kwa kinga ya miezi mingi tungechagua posakonazoli, dawa nyingine ya fangasi, miligramu 300 mara moja kwa siku baada ya dozi mbili za siku ya kwanza, ingawa nayo hupandisha takrolimasi.

Duka la dawa likiishiwa vorikonazoli likakupa flukonazoli eti ni ndugu yake, irudishe. Kwa aspergilasi haifui dafu.