Ganzi ya kifuani niliyochomwa hapa Dodoma, na usiku nilioachwa nalia

Yaani bado nina hasira, nimeona nisipoandika nitapasuka. Nilitolewa titi la kushoto kwenye hospitali moja hapa Dodoma, kipindi kile cha baridi na upepo, na kabla ya kulazwa usingizi nikachomwa sindano ya ganzi ya kifuani, ile ya kuzuia maumivu ya baada ya operesheni. Asubuhi natoka nyumbani Nkuhungu nilikuwa hata sijawahi kuisikia.

Daktari wa usingizi ni kijana mpole sana, kaniamkia shikamoo mama, kanipaka dawa ya baridi, kaweka kidude cha utrasaundi chini kidogo ya mtulinga halafu kanigeuzia skrini nione. Kuna misuli miwili imelaliana, akasema mama dawa tunaimwaga hapa katikati na nyingine chini ya huu msuli wa chini, mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu ya titi na kwapa inapita maeneo haya, tukiilaza hiyo utaamka vizuri. Nikaona kwa macho yangu dawa inaingia na ile misuli inaachana, kama chapati inavyojaa hewa kwenye kikaango.

Na kweli niliamka vizuri jamani. Uji nilikunywa kwa mkono wangu, nikabonyeza bandeji kwa kidole nikahisi kama nabonyeza godoro. Kitanda cha jirani kulikuwa na bibi mmoja wa Kondoa, naye katolewa titi siku hiyohiyo ila bila hiyo ganzi, kalia mchana kutwa, wakawa wanamchoma dawa kali anatapika, mpaka nikasema moyoni hii sindano wangechomwa wanawake wote.

Sasa usiku. Kama saa nane hivi nikashtuka kama mtu kanipachika kaa la moto kwapani, ganzi imeisha yote kwa mpigo, mkono siinui, pumzi siivuti, nikiusogeza tu ule mpira wa kutolea damu naona nyota. Nikaita sista, sista, kimya. Bibi wa Kondoa ndo akajikokota kwenda kumwita, na yeye mgonjwa! Nesi kaja na simu mkononi haangalii hata uso wangu, anasema "wewe si ndo uliyechomwa ganzi ya kisasa? Mchana ulikuwa unacheka na wageni, sasa hivi unalia nini? Subiri daktari wa raundi." Akaondoka. Mimi mama mtu mzima nina wajukuu, nililia huku nimeng'ata kitenge mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi yule kijana wa usingizi kaja kunijulia hali, kaniona nilivyo, kafungua faili, akanyamaza. Alikuwa ameandika nipewe paracetamol na diclofenac kwa saa zake HATA KAMA SINA MAUMIVU, kwa sababu ganzi hii inaweza kushika masaa 12, wengine hata 24, halafu inaisha, na vidonge vinatakiwa viwe vimeshatangulia mwilini kabla haijaisha. Hakuna aliyenipa. Kwenye karatasi wamejaza "hana maumivu". Na mimi hakuna aliyeniambia nidai, ningejua ningedai tangu jioni nikiwa nacheka hivyohivyo.

Nilipotoka niliapa nitamwambia kila mtu asikubali hiyo sindano, bora uumie polepole toka mwanzo ujizoeze kuliko kudanganywa mchana ukachomwa usiku. Kwa wiki nzima ndo nilikuwa nasema hivyo. Lakini aisee nikimkumbuka bibi wa Kondoa na lile beseni la matapishi, nikikumbuka kwamba jioni ile nilikaa nikaongea na wanangu kama sijakatwa, nashindwa kuisema vibaya. Sindano haikunikosea kitu. Aliyenikosea anajijua, na kauli yake ile inaniuma kuliko kidonda.

Sasa shangazi yangu wa Mpwapwa naye kapangiwa, jana kanipigia ananiuliza mwanangu niikubali hiyo ganzi? Nikamwambia shangazi ikubali, ila ukitoka tu thieta uliza vidonge vyako viko wapi na unapewa saa ngapi. Na usiku huo nitakuwepo mimi, wakinikatalia wodini nitalala kwenye benchi la nje na shuka langu.