Dada wa muda nampa nyota nne, ila "kubadilishiwa" siitaki

Ofisi ninayoizungumzia ni ya mawakala wa madada wa kazi, iko Sinza. Jina nimeliacha makusudi, kwa sababu mkataba wao nimeuona neno kwa neno kwa jirani yangu aliyechukua dada kwa wakala mwingine kabisa, kule Mbezi. Naona wanatolea fotokopi sehemu moja.

Ilikuwa Januari 2024, Dar nzima macho mekundu. Kazini kwetu benki tulishaacha kupeana mikono. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri dada akagonga mlango wa chumbani, kanga kaivuta mpaka puani. "Dada, macho hayafunguki." (Yeye ananiita dada, mimi namwita dada, wageni huwa wanapotea hapo.) Kope zimegandana kwa tongotongo, jicho la kulia limevimba. Na mwanangu ana miezi 14, mchezo wake mkubwa ni kumshikashika dada usoni.

Nikakumbuka kwamba Machi iliyopita, tulipolipa 70,000 ya kutafutiwa dada, kwenye karatasi yao kulikuwa na mistari miwili kuhusu ugonjwa. Mmoja unasema wanaleta dada wa muda kwa malipo ya siku. Wa pili nitaufikia.

Nilipiga saa kumi na mbili kamili, sina tumaini. Simu ikapokelewa palepale. Bei 15,000 kwa siku, unatuma kwa simu kabla mtu hajatoka kwake, nauli juu yako. Wakaahidi saa moja. Akafika saa mbili kasorobo, katokea Gongo la Mboto kuja Tabata, na mimi siku hiyo nikaandika barua ya kujieleza kazini. Nyota ya tano imeishia hapo.

Lakini mama mwenyewe! Mtu mzima, miaka arobaini na kitu, kitambulisho cha NIDA katoa kabla sijauliza. Hakuanza na jiko liko wapi. Aliuliza, "Huyu akilia huwa mnambembelezaje?" Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akamtengea dada yetu taulo lake, ndoo yake na kikombe chake. Jirani alishashauri dada awekewe maziwa ya mama machoni. Yule mama akasema kwa upole kwamba kwenye macho haingii kitu ambacho daktari hajaandika. Mtoto alimgomea mpaka saa nne hivi, kisha nikatumiwa video, katulia mapajani anakula uji wa ulezi.

Jumanne akaja yeye. Jumatano wakaleta binti mwingine bila taarifa, eti yule wa kwanza kapata nyumba ya wiki nzima. Binti sina ubaya naye, ila mtoto wa umri ule humletei sura mpya kila baada ya siku mbili. Tulishinda na simu za "dada, hanyamazi". Nikalalamika, Alhamisi yule mama akarudi. Baadaye akaniambia kwamba katika ile 15,000, mfukoni mwake inaingia 9,000.

Siku nne, 60,000. Nikiwa kaunta ndipo ikanijia kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kima cha chini cha mwezi mzima kwa dada anayelala kwa mwajiri wake, kwa viwango vilivyoanza Januari 2023. Sisi wetu tunamlipa 120,000, na nilikuwa najiona mkarimu.

Sasa ule mstari wa pili. Dada alienda zahanati, kaandikiwa dawa ya matone na ED (cheti cha daktari cha kupumzika kazi) ya siku 5. Jumanne nikawapigia wakala niongeze siku za yule mama. Binti wa ofisini akaniambia, kwa sauti nzuri kabisa: "Mama, kama anaumwa zaidi ya siku tatu, mlete tukubadilishie. Bado uko ndani ya mwaka, ni bure." Bure! Kama blenda iliyoungua mota. Nikauliza, huyu mgonjwa mnampeleka wapi? Anarudi kwao Singida, nauli anakatwa kwenye mshahara wake. Na zile siku alizolala? "Hizo mnakata tu, wengi wanafanya hivyo."

Nilimuuliza afisa utumishi wetu wakati wa chai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, mradi alete cheti cha daktari. Nikamuuliza, hata dada wa nyumbani? Akanitazama. "Si mmemwajiri?" Dada yetu alikuwa ametimiza miezi kumi kwetu, cheti anacho. Ni sheria ileile ninayoitumia mimi nikishikwa na malaria.

Hatukumbadilisha wala kumkata. Zahanati 22,000 tulilipa sisi, ingawa karatasi ya wakala inasema matibabu ni juu ya dada mwenyewe. Tumeongeza sentensi kwa peni chini ya mkataba: akiwa na ED analipwa, na wa muda tunamlipa sisi. Dada kasaini, mume wangu kasaini, wakala kakataa kugonga muhuri.

Kwa dada wa muda nitawapigia tena. Ukiwapigia, sema mapema unataka mtu mmoja kwa siku zote, na uwatajie muda ulio saa moja kabla ya ule unaouhitaji kweli.

Jumatatu iliyofuata macho yakamshika mume wangu. Kazini wakampa ED ya siku nne, mshahara wake palepale, kajilaza sebuleni na taulo lake. Nilitamani kupiga Sinza niulize kama na huyu wanabadilisha.