Dopamini haidrokloridi ya maabara kwa kazi za seli T: nzuri, ila haina subira

Unga huu mweupe hauna makuu. Unayeyuka kwenye maji mara moja na bei yake haiumizi. Kwa wanaochunguza jinsi kemikali za neva kama dopamini zinavyozichangamsha seli T (seli za kinga za damu) ili zipambane na saratani, njia ambayo mtafiti Mia Levite na wenzake wa Israeli waliitangulia, ndio wa kuanza nao. Shida yake ni kuchacha upesi.

Pima miligramu 18.96, yeyusha kwenye mililita 10 za maji safi: una milimola 10 kwa lita. Pitisha kwenye chujio la mikromita 0.22. Zimua mara 100, kisha mara 100 tena, ufikie mikromola 1. Mikrolita 10 za huo, zikijazwa na seli hadi mililita 1, zinakupa nanomola 10, kiwango kilichotumika kwenye tafiti hizo za awali. Andaa siku ileile ya kazi, mbali na mwanga. Ukiona uwaridi kwenye mrija, mwaga. Kahawia na weusi viko njiani.

Rangi hiyo ni dalili ya uoksidishaji, na uoksidishaji unazaa haidrojeni peroksidi. Ndiyo maana anayemimina mamia ya mikromola huona seli zinakufa, akaandika kwamba dopamini inakandamiza kinga, kumbe peroksidi ndiyo iliyoua. Weka kisima kimoja cha sahani ya seli chenye katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi, na kingine chenye kizuizi cha vipokezi vya dopamini. Asidi askobiki hutuliza myeyusho wa akiba, lakini ndani ya maji ya kukuzia seli nayo huweza kutoa peroksidi, kwa hiyo kisima cha kulinganishia kipate kiasi kilekile.

Hali ya seli nayo ina neno. Seli T zilizotulia huamshwa kupitia vipokezi vya dopamini viitwavyo D2 na D3. Zilizokwisha kuchochewa kwa kingamwili zinazoshika CD3 na CD28, protini za juu ya seli T, zinaweza kukandamizwa. Ukizichanganya, majibu yatakuchanganya nawe.

Wanaotaka kujaribu glutamati, kemikali nyingine ya neva, kwa mtindo huohuo wasome kwanza lebo ya RPMI 1640, maji ya kukuzia seli: ina asidi glutamiki miligramu 20 kwa lita, kama mikromola 136. Kuongeza nanomola 10 humo ni kumwaga kikombe baharini.

Ampuli za dopamini za hospitali zisitumike badala yake. Hizo ni za kupandisha presha ya mgonjwa, zina asidi na mara nyingi metabisulfiti, kihifadhi ambacho seli hukihisi. Na hakuna uhusiano wowote kati ya kazi hii na vidonge vya "kuongeza dopamini" vinavyouzwa mitandaoni. Matibabu ya saratani ya aina hii bado hayajaidhinishwa.

Nunua chupa ndogo kabisa. Ikitoka kwenye friji, iache ifikie joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya unga na vipimo vyako vyote vitapotoka.