Kabla ya Dune, mpe Kindred

Ukiomba riwaya nzuri ya kisayansi, wengi watakutajia Dune ya Frank Herbert, ya mwaka 1965. Naipenda, ila simpi mgeni wa fasihi hii. Ni kitabu kinene, na kinakumiminia koo, madhehebu na vyeo vya sayari ya Arrakis kabla hujapata mhusika wa kushikamana naye. Wapo wanaoishia kurasa za mwanzo, wakaapa kuwa fasihi hii si yao.

Mgeni nampa Kindred ya Octavia Butler, iliyotoka 1979. Dana, mwandishi mweusi anayeishi California mwaka 1976, anashikwa na kizunguzungu nyumbani kwake. Mara yuko kando ya mto Maryland, enzi za utumwa, na mtoto wa kizungu anazama. Mtoto huyo, Rufus, baba yake anamiliki watumwa. Rufus mwenyewe ni mmoja wa mababu wa Dana. Kila Rufus anapokaribia kufa, Dana huvutwa kwenda kumwokoa, na harudi kwake mpaka naye aone kifo kinamjia. Inakuwaje? Butler haelezi. Hakuna mashine wala fomula. Mwenyewe alikataa kuiita hadithi ya kisayansi, kwa kuwa hamna sayansi ndani yake. Kwangu hiyo ni nguvu yake, maana unabaki uso kwa uso na swali moja tu: utamlindaje mtu anayezidi kuwa katili kila ukimkuta amekua, huku ukijua akifa mapema ukoo wako hautakuwepo? Butler anakuambia tangu mwanzo kabisa kwamba Dana alipoteza mkono, na bado utasoma roho juu. Kuna viboko na ubakaji humo, kwa hiyo mtoto asipewe.

Mpenda uchawi aanze na A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya 1968. Ni fupi. Ged ana kipaji na kiburi kingi zaidi. Kwa kutaka kumkomoa mwanafunzi mwenzake anafungulia kivuli kinachomwinda kisiwa hadi kisiwa. Sitasema zaidi. Kinachofuata, The Tombs of Atuan, mimi nakipenda kuliko hicho.

Mwenye jioni moja tu achukue Binti ya Nnedi Okorafor, ya 2015, kuhusu msichana wa Kihimba, jamii ya Namibia, bingwa wa hesabu, anayetoroka kwao kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine. Ilipata Hugo na Nebula, tuzo kubwa za fasihi hii. Mwanzo wake ni moto, lakini suluhu inakuja upesi mno. Waliouawa katika chombo cha angani anachosafiria wanasahaulika kabla hatujawalilia.

The Fifth Season ya N. K. Jemisin isubiri hadi uzoee. Sehemu yake inasimuliwa kwa "wewe", na watu wenye uwezo wa kutuliza matetemeko ndio wanaochukiwa na kufungwa nira. Vitabu vyote vitatu vya mfululizo huo vilitwaa Hugo, 2016 hadi 2018. Uwe na cha pili mkononi kabla ya kumaliza cha kwanza, kwa sababu kinakatika kwenye swali.